Lowell: Mji wa Mifereji na Merikani

Wazee wa Pwani walikuwa na neno walilolitamka kila siku sokoni: merikani. Lilikuwa jina la kitambaa cha pamba kizito, kisichopaushwa, chenye rangi ya pamba mbichi. Kilishonwa kanzu, kikafungwa kiunoni, kikapandishwa mlingotini kuwa tanga. Kilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne ni shuka, shuka mbili ni doti, na kitambaa kizima cha yadi 30 ni jora. Katika njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, merikani ilikuwa fedha kamili. Wapagazi walipokea posho kwa merikani, vyakula vya njiani vilinunuliwa kwa merikani, na watemi walitoza hongo ya kupita katika nchi zao kwa merikani.

Jina hilo lilitaja nchi, likaishia hapo. Halikutaja mto uliozungusha mitambo, wala waliochimba njia ya maji, wala mabinti waliosimama mbele ya mashine tangu alfajiri, wala watumwa waliochuma pamba. Ili kuwaona watu hao inatubidi tuende Massachusetts, kaskazini-mashariki ya Marekani, kwenye mji wa Lowell, ambao mifereji yake ina urefu wa karibu kilomita 9 na historia ya zaidi ya miaka 200.

Mfereji wa mbao

Mto Merrimack hutoka milima ya New Hampshire na kushuka kusini kabla ya kukunja kuelekea bahari ya Atlantiki. Penye kona hiyo, mahali paitwapo Pawtucket, mto huporomoka karibu mita 10 juu ya miamba. Wapennacook, wenyeji wa nchi hiyo, walikusanyika hapo kila majira ya kuchipua kuvua samaki waliokuwa wakipanda mto. Kwa walowezi waliokuja baadaye, maporomoko hayo yalikuwa kero. Magogo yaliyoelea kwenda bandari ya Newburyport yaligonga miamba na kupasuka.

Mwaka 1792 wafanyabiashara waliunda kampuni ya kuchimba mfereji wa kuyakwepa maporomoko, na mwaka 1796 Mfereji wa Pawtucket ukafunguliwa. Ulikuwa na vyumba vya maji vyenye milango mizito ya mbao. Chombo huingia chumbani, milango ikafungwa, maji yakapunguzwa taratibu, nacho kikashuka nayo mpaka kulingana na mkondo wa chini, kisha mlango wa mbele ukafunguliwa kikaendelea na safari. Lakini neema hiyo haikudumu. Mwaka 1803 Mfereji wa Middlesex ulikamilika, ukatoa njia ya moja kwa moja kutoka Merrimack hadi Boston. Bidhaa zikahama. Kampuni ya Pawtucket ikabaki na mfereji wenye wateja wachache na haki ya kutumia maji, haki ambayo bado hakuna aliyejua thamani yake.

Mtu aliyebeba kiwanda kichwani

Mwaka 1810 mfanyabiashara wa Boston aitwaye Francis Cabot Lowell alisafiri kwenda Uingereza. Waingereza walikuwa wakiilinda siri ya mitambo yao ya kufuma, na sheria yao ilikataza michoro na mashine hizo kutoka nchini. Lowell alitembelea viwanda, akatazama, akahifadhi kichwani. Aliporudi mwaka 1812, yeye na fundi Paul Moody walitengeneza mtambo wa kufuma unaoendeshwa kwa nguvu ya maji, na mwaka 1814 kiwanda chao kikaanza kazi Waltham, kando ya Mto Charles. Jambo jipya lilikuwa kukusanya kazi zote chini ya paa moja. Pamba iliingia mlango mmoja ikiwa marobota, ikachambuliwa, ikasokotwa, ikafumwa, na mlango wa pili ukatoa jora.

Lowell alifariki mwaka 1817 akiwa na umri wa miaka 42, bila kuuona mji utakaopewa jina lake. Wenzake, miongoni mwao Nathan Appleton na Patrick Tracy Jackson, waliona Mto Charles haukuwa na nguvu za kutosha kwa ndoto yao. Mwaka 1821 walifika Pawtucket, wakautazama mto ukiporomoka kando ya mashamba, wakauona mfereji uliododa. Kimyakimya walinunua hisa za kampuni ya mfereji na ardhi ya wakulima, kabla bei haijapanda. Kuanzia hapo mfereji uliochimbwa kusafirisha mbao ukawa mshipa wa kupeleka nguvu.

Mwaka 1822 Hugh Cummiskey, msimamizi wa vibarua kutoka Ireland, alitembea kwa miguu na watu 30 kutoka Charlestown hadi Pawtucket. Walikuja na mikono yao kuupanua mfereji wa zamani na kuchimba mipya, kwa sururu, sepetu na baruti. Waliishi kwenye mahema na vibanda katika kipande cha ardhi kilichokuja kuitwa Acre, pembeni ya mji waliokuwa wakiujenga. Kuta za mawe walizozipanga bado zimesimama. Ukizitazama kwa karibu utaona jiwe limekaa juu ya jiwe kwa ustadi wa watu ambao majina yao karibu yote yamepotea.

Septemba 1823 gurudumu la kwanza la Kampuni ya Merrimack lilianza kuzunguka. Mwaka 1826 mahali hapo pakatangazwa mji na kuitwa Lowell. Mfereji ulizaa mfereji: Hamilton, Western, Eastern, na mwaka 1847 Mfereji wa Kaskazini, mkubwa kuliko yote. Maji yalitumika mara mbili. Yaliingia kwa kiwango cha juu, yakaanguka futi 13 chini ya viwanda vya kwanza, yakakusanywa katika mfereji wa chini, kisha yakaanguka futi 17 chini ya viwanda vingine kabla ya kurudi mtoni. Kutoka ghorofa ya chini, mikanda ya ngozi ilipandisha mzunguko huo mpaka paa, na kila mtambo wa kila ghorofa ukavuta nguvu yake hapo. Kufikia mwaka 1850 mahali palipokuwa na mashamba palikuwa na watu wapatao 33,000.

Kengele na mabinti

Waliohudumia mitambo hiyo wengi wao walikuwa mabinti wa wakulima wa New England, wenye umri wa miaka kati ya 15 na 30. Walikuja kutafuta ujira wao wenyewe, jambo ambalo wanawake wachache wa zama zile waliweza kulipata. Kampuni iliwaweka katika mabweni yenye wasimamizi wakali na ikaongoza siku yao kwa kengele: ya kuamka, ya kuingia kazini, ya chakula, ya kurudi, ya kuzima taa. Kwa wiki walifanya kazi kama saa 73. Madirisha yalifungwa ili hewa ibaki na unyevu, maana uzi mkavu hukatika. Vumbi la pamba liliingia mapafuni. Kelele za mitambo ziliwafundisha kusomana midomo.

Lakini walikuwa wasomaji na waandishi. Kuanzia mwaka 1840 walitoa jarida lao, Lowell Offering. Na walijua kusema hapana. Februari 1834, ujira ulipopunguzwa, mamia walitoka kazini na kuandamana mitaani. Mwaka 1836, kodi ya mabweni ilipopandishwa, waligoma tena kwa wingi zaidi. Katika miaka ya 1840 mfumaji Sarah Bagley aliongoza chama cha wanawake wafanyakazi kilichodai siku ya kazi isiyozidi saa 10, akasimama kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge la jimbo. Sheria ya saa 10 ilipitishwa Massachusetts mwaka 1874, miaka mingi baada ya mabinti hao kuondoka viwandani na nafasi zao kuchukuliwa na wahamiaji: Waairishi, Wafaransa wa Kanada, Wagiriki, Wareno, Wapolandi.

Pamba na utumwa

Maji ya Merrimack yalikuwa safi yalipoingia mferejini. Pamba haikuingia hivyo. Ilitoka majimbo ya kusini, ilikolimwa na kuchumwa na Waafrika waliotumikishwa chini ya kiboko. Sehemu ya faida ya Lowell ilitokana na kufuma kitambaa cha bei ya chini kilichorudishwa kusini kuwavisha watumwa walewale. Mtumwa alichuma pamba, ikasafiri maelfu ya kilomita, ikamrudia ikiwa nguo mbovu.

Kitambaa kingine kilivuka bahari. Tarehe 21 Septemba 1833 Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala Omani na Zanzibar, alifanya mkataba wa biashara na Marekani kupitia mjumbe Edmund Roberts. Mwaka 1837 Richard Waters wa Salem, bandari isiyo mbali na Lowell, akawa konseli wa kwanza wa Marekani huko Zanzibar. Meli za Salem zilileta majora ya merikani, zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Si kila jora lilitoka Lowell, maana Salem nayo ilijenga kiwanda chake cha mvuke, Naumkeag, katika miaka ya 1840. Lakini namna ile ya kutengeneza kitambaa kingi, imara na cha bei moja ilikomaa kando ya mifereji ya Lowell, nayo ndiyo iliyoishinda sokoni Zanzibar nguo ya wafumaji wengine.

Huku kwetu pia kitambaa hicho hakikuwa na mikono safi. Kilinunua pembe za ndovu, na katika njia zilezile kilinunua watu. Kwa hiyo utumwa ulikuwa mwanzoni mwa uzi, kwenye mashamba ya Mississippi na Georgia, na ulikuwa mwishoni mwake, kwenye misafara ya kati ya Ziwa Tanganyika na Pwani. Anayeisimulia historia ya mfereji huu na kuyaruka hayo anasimulia maji matupu.

Lango la Francis

Mwaka 1834 kijana wa Kiingereza, James Bicheno Francis, alifika Lowell kufanya kazi katika kampuni ya mifereji. Mwaka 1837, akiwa na miaka 22 tu, akawa mhandisi mkuu, na alishika kazi hiyo kwa karibu miaka 50. Alikuwa mtu wa kupima. Alipima mwendo wa maji, kina chake, nguvu inayopotea kwenye kila kona, na mwaka 1855 akachapisha kitabu cha majaribio yake ambacho wahandisi wa maji walikitegemea kwa miaka mingi.

Francis alichunguza kumbukumbu za mafuriko ya zamani, akaona kwamba siku moja Merrimack ungefurika, uvunje kizuizi cha Mfereji wa Pawtucket na kuupitia mji katikati. Mwaka 1850 akajenga juu ya mfereji lango kubwa la mbao za msonobari, likaning'inizwa kwa ukanda wa chuma. Halikuwa na kazi yoyote siku za kawaida. Watu walilipita na kulicheka, wakaliita upumbavu wa Francis.

Aprili 1852 mto ulifurika. Usiku wa manane kuamkia tarehe 22, maji yakiwa yanazidi kupanda, mtu alipanda juu ya lango akiwa na nyundo na patasi. Akagonga ukanda wa chuma, pigo baada ya pigo, mpaka ukakatika. Lango likaanguka kwa uzito wake wote katika mfereji, mji ukasalimika. Hakuna aliyelicheka tena. Lilivutwa juu, likaning'inizwa upya, na likasubiri miaka 84. Machi 1936, mafuriko makubwa yalipopiga New England, liliangushwa kwa mara ya pili, likauokoa mji kwa mara ya pili.

Kazi nyingine ya Francis imefika mbali zaidi. Magurudumu ya mbao ya viwanda yalipoteza sehemu kubwa ya nguvu ya maji. Akichukua mawazo ya waliomtangulia na kuyapima upya, mwishoni mwa miaka ya 1840 alisanifu mtambo ambao maji huingia kutoka pembeni kuelekea katikati, yakisukuma mapanga ya chuma yaliyopinda, kisha yakatokea chini. Mitambo ya aina hiyo hadi leo huitwa kwa jina lake. Mitambo 4 ya Kidatu kwenye Ruaha Mkuu ni ya aina ya Francis. Mitambo 9 ya Bwawa la Julius Nyerere kwenye Rufiji, kila mmoja wa megawati 235, ni ya aina ya Francis. Mashine ya fundi cherehani wa Dar es Salaam ikizunguka kwa umeme wa Rufiji, ndani ya mzunguko huo kuna hesabu zilizofanywa kando ya mifereji ya Lowell.

Mji uliokauka huku maji yakipita

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia mwaka 1861, vilikata njia ya pamba. Kampuni nyingi za Lowell ziliuza akiba zao kwa faida na kufunga milango, zikawaacha maelfu ya wafanyakazi bila kazi. Zanzibar merikani ikaadimika, na vitambaa vya Uingereza na baadaye vya Bombay vikaingia kwenye pengo. Biashara ya Marekani ilirudi baada ya vita, lakini Bombay ilikuwa karibu zaidi. Neno merikani likabaki midomoni hata pale kitambaa kilipokuwa kimefumwa India.

Lowell yenyewe iliinuka tena, ikaongeza injini za mvuke, ikafikisha watu zaidi ya 100,000. Kisha viwanda vikaanza kuhamia kusini, karibu na pamba na kwenye ujira wa chini. Katika miaka ya 1920 na 1930 kampuni kubwa zilifungwa moja baada ya nyingine. Katikati ya miaka ya 1950 kampuni ya Boott ilizima mitambo yake, na kabla ya muongo kwisha, Kampuni ya Merrimack, ya kwanza kuzaliwa, ikafuata. Majengo yake mengi yalibomolewa, pamoja na mabweni ya mabinti.

Mifereji ikageuka jalala. Matairi na vyuma vililala ndani ya maji meusi, na wazazi waliwakanya watoto wasikaribie. Palikuwa na mapendekezo ya kuifukia. Wengi waliyaona majengo ya matofali kama aibu ya mji ulioshindwa, na aibu dawa yake ni kufutwa.

Kurudisha maji ni kurudisha habari

Aliyeona vingine alikuwa mwalimu. Patrick Mogan, kiongozi wa elimu katika mji huo, aliwatazama watoto wa shule na kuona wamefundishwa kuona haya asili yao, kana kwamba historia ilikuwa ya watu wengine. Akasema mji mzima uwe darasa: mifereji, viwanda, makanisa na mitaa ya wahamiaji. Katika miaka ya 1960 na 1970 wengi walimwona mtu wa ndoto. Lakini wazo lilipata wafuasi. Jimbo likaanzisha hifadhi yake ya urithi, na wabunge wa eneo hilo, Paul Cronin na kisha Paul Tsongas, mzaliwa wa Lowell, wakalipeleka suala hilo Washington. Tarehe 5 Juni 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria iliyoanzisha Hifadhi ya Kihistoria ya Taifa ya Lowell. Nchi iliyozoea kutenga milima na misitu kuwa hifadhi sasa ilitenga mitaa ya wafanyakazi.

Kazi iliyofuata ilichukua miongo. Kuta za mawe zilikarabatiwa, malango yakatengenezwa, njia za kutembea zikafunguliwa kandokando ya mifereji, na boti zikaanza kuwapitisha wageni katika vyumba vilevile vya maji vya Mfereji wa Pawtucket. Viwanda vilivyobaki vikageuzwa makazi, ofisi na karakana za wasanii. Tangu miaka ya 1980 Mfereji wa Kaskazini umekuwa ukipeleka maji kwenye kituo cha kufua umeme, kwa hiyo mto haukustaafu. Mwaka 1992 jumba la makumbusho lilifunguliwa katika kiwanda cha Boott.

Lakini sifa ya Lowell naiona mahali pengine. Ingekuwa rahisi kuosha matofali, kupanda maua na kusimulia habari za matajiri wa Boston peke yao. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Lowell iliyaoga. Inawasimulia Waairishi waliochimba, mabinti waliogoma na watumwa waliochuma pamba. Mfereji uliofukuliwa bila habari hizo ungekuwa bwawa la mapambo.

Na mji umeendelea kujazwa na watu wapya. Baada ya mauaji ya utawala wa Khmer Rouge nchini kwao, maelfu ya Wakambodia walifanya makazi yao hapa. Wakafuata Waafrika, na leo Lowell ni mmoja wa miji ya Marekani ambayo Wakenya wengi wameifanya nyumbani. Kiswahili, lugha iliyokipa jina kitambaa cha Massachusetts, sasa kinasikika kando ya mifereji ileile. Watu wa ng'ambo ya pili ya uzi wamefika ulikosokotwa.

Mmoja wao akiingia ghorofa ya chini ya Boott, atakuta mitambo ya zamani ya kufuma imepangwa safu kwa safu, 88 kwa jumla. Kadhaa tu ikiwashwa, sakafu hutetema, na mlinzi huwapa wageni vizibo vya masikio. Mtande umetanuka, mshindio unapita huku na huku, na kitambaa kinakua kidogokidogo. Ni pamba halisi, na dukani hapo huuzwa taulo za jikoni zilizofumwa nayo. Anaweza kukishika, kuweka ncha yake kwenye kiwiko na kukinyoosha mpaka kidole cha kati. Atakuwa amekipima mkono mmoja, kama kilivyopimwa Bagamoyo, na safari hii atakuwa anajua kimetoka wapi.